Kurudia Katuni za Utotoni Ukiwa Mtu Mzima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikizirudia, moja baada ya nyingine, katuni nilizozitazama nikiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 12. Nilianza kwa kudhani nitapumzisha akili jioni mbili tatu tu. Sikujua kwamba ningejikuta nasoma habari za kola za dubu, kasi za filamu na hesabu za vituo vya televisheni, wala kwamba ningelia. Maswali yaliyomo hapa ndiyo ninayoulizwa na watu wazima wenzangu kila jambo hili linapotajwa. Machache nilijiuliza mwenyewe.

Mimi ni mtu mzima, nina kazi na watoto. Si aibu kukaa kutazama katuni?

Hapana. Tena nyingi kati ya hizo hazikutungwa kwa ajili ya watoto peke yao. Tom na Jerry walianza mwaka 1940 ndani ya majumba ya sinema, wakioneshwa kabla ya filamu kubwa, mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio. Filamu hizo fupi zilipata tuzo 7 za Oscar. The Flintstones ilipoanza mwaka 1960 ilipangiwa saa za usiku kwenye kituo cha ABC cha Marekani, na vichekesho vyake vya ndoa, majirani na bosi mkali havikumlenga mtoto wa darasa la kwanza.

Televisheni ndiyo iliyozihamishia asubuhi za mapumziko na alasiri za baada ya shule. Sisi tukazikuta huko, tukadhani ni zetu. Ukizirudia leo unakaa kwenye kiti ambacho watungaji wengine walikuwekea tangu mwanzo.

Mbona michoro inaonekana duni kuliko nilivyoikumbuka?

Swali hili ndilo linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na jibu lake ndilo lililonifanya niendelee kutazama.

Filamu hupita fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde. Katuni ya Tom na Jerry ya dakika 7 ina fremu zaidi ya 10,000, na katika studio ya MGM mchoro mpya ulihitajika karibu kila baada ya fremu moja au mbili. Hiyo ni kazi ya miezi, kwa mikono, ya watu wengi. Mwaka 1957 MGM iliifunga studio yake ya katuni. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wamewatunga Tom na Jerry, wakaanzisha kampuni yao na kugeukia televisheni, ambayo ililipa sehemu ndogo tu ya fedha za sinema na kutaka dakika nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi.

Basi wakatafuta njia ya kupunguza michoro. Mwili ukatulia, kichwa kikasogea. Kichwa kikitulia, mdomo pekee ukasogea. Mtazame dubu wao, Yogi Bear, vizuri: hana shati, lakini shingoni ana kola na tai. Kola ile ndiyo inayoficha mshono kati ya kichwa kinachochorwa upya na mwili ambao haujaguswa. Sasa watazame wahusika wa studio hiyo wakifukuzana ndani ya nyumba: mlango, dirisha, taa, kisha mlango ule ule, dirisha lile lile, taa ile ile. Ni mchoro mmoja mrefu wa mandhari unaozungushwa.

Siku nilipoyaona hayo nilinyong'onyea. Nilihisi kama mtu aliyegundua kwamba jumba alilokulia lilikuwa la maboksi. Lakini siku zilivyopita jambo hilo likageuka kuwa ninalolipenda kuliko yote. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mimi nilipewa mlango, dirisha na taa, nikajenga nyumba nzima yenye vyumba visivyohesabika. Nilipewa mdomo unaofunguka na kufumba, nikautia uso. Kile unachokikumbuka kilikuwepo kweli, ila nusu yake uliichora wewe. Na nusu nyingine ilichorwa na watu waliokuwa wakishindana na saa, na sasa una macho ya kuona mahali walipobana na mahali walipokataa kubana.

Kwa sababu zipo pia zinazozidi kupendeza kadiri mtazamaji anavyokua. Batman: The Animated Series ya mwaka 1992 ni mfano wangu wa kwanza siku zote. Mandhari yake mengi yalipakwa rangi juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, kwa hiyo giza lilikuwepo tangu mwanzo na mchoraji akawa anaongeza mwanga. Mtoto huogopa tu bila kujua kwa nini. Mtu mzima huweza kusimamisha picha na kuona kwamba jengo zima limesimamishwa kwa mistari minne ya mwanga.

Nina hakika kulikuwa na tukio fulani. Nimepitia sehemu zote, halimo. Limekwenda wapi?

Usijikane haraka. Kwanza, huenda ulitazama toleo lingine. Tom na Jerry peke yao wana enzi tatu za sinema: filamu 114 za Hanna na Barbera hadi mwaka 1958, kisha 13 zilizoongozwa na Gene Deitch mjini Prague mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha 34 za Chuck Jones kati ya 1963 na 1967. Watu wengi huniambia wanakumbuka Tom na Jerry "wa ajabu", wenye miondoko ya kushtuka na sauti zinazosikika kama ziko ndani ya pipa. Hawakuota. Ni zile 13 za Prague.

Pili, huenda tukio lilikatwa au kubadilishwa. Vituo vilikata kilichoonekana kikali mno, na kila kituo kilikuwa na mkasi wake.

Tatu, na hili ni gumu kulikubali, huenda ulilitunga. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uingereza Frederic Bartlett alichapisha majaribio yaliyoonesha kwamba mtu anapokumbuka hadithi haitoi kama nguo sandukuni. Huijenga upya kila mara, na akikosa kipande hukichonga kutokana na anachokijua. Watu wazima wengi huapa kwamba jina la mfululizo maarufu wa katuni za Warner Bros. liliandikwa Looney Toons. Daima limekuwa Looney Tunes (tunes ni nyimbo), kwa sababu tangu miaka ya 1930 mfululizo ule ulijengwa juu ya muziki.

Mimi nilikuwa tayari kuapa kwamba niliwahi kumwona Wile E. Coyote, yule mnyama mwenye njaa asiyefanikiwa kamwe, akimkamata ndege Road Runner na kumla. Nilitafuta kwa muda mrefu. Nilichokipata ni katuni fupi ya mwaka 1980 iitwayo Soup or Sonic, ambamo Coyote anapitia mabomba yanayomfanya awe mdogo kama panya, na ndipo anapomfikia Road Runner, ambaye bado ni mkubwa kama mnara. Anaushika mguu wake. Kisha anatugeukia sisi watazamaji na kutuuliza, kwa kibao cha maandishi, afanye nini sasa. Hapo ndipo inapoisha. Hakuna mlo. Mlo niliupika mimi, kwa sababu nilikuwa nikimhurumia Coyote na nilitaka angalau siku moja alale ameshiba. Kumbukumbu yangu haikuhifadhi tukio, ilihifadhi nilichomtakia.

Sauti si zile. Je, masikio yangu yameharibika?

Huenda masikio yako yana kumbukumbu nzuri kuliko macho. Kama ulikulia kwenye nchi iliyotumia mfumo wa PAL, televisheni yako ilionesha picha 25 kwa sekunde. Katuni zilizopigwa kwenye filamu ya fremu 24 mara nyingi ziliharakishwa ili zilingane. Kasi ikapanda kwa takriban asilimia 4, na sauti nayo ikapanda, pungufu kidogo ya nusu toni. Leo ukiipata kwa kasi yake ya asili, wimbo wa utangulizi unaujia moyo wako ukiwa mzito na wa polepole, kana kwamba mwimbaji amezeeka pamoja nawe.

Sababu ya kawaida zaidi ni kwamba ulitazama toleo lililoingizwa sauti kwa lugha nyingine. Hapo si sauti tu inayobadilika. Katika toleo la Kiingereza la katuni ya Japani Sailor Moon, lililooneshwa mwaka 2000, wapenzi wawili wa kike, Haruka na Michiru, waligeuzwa kuwa mabinamu. Watazamaji wengi walihisi kuna jambo halikai sawa kati ya mabinamu hao, na wakaja kuelewa miaka kumi au ishirini baadaye.

Ukiweza, tafuta toleo ulilolitazama wewe, hata kama lina makosa, kisha utazame la asili. Usianze na la asili. Moyo unadai chake kwanza.

Kwa nini kipindi nilichokipenda hakina mwisho?

Kwa sababu ya hesabu. Kituo kikionesha kipindi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 13, kinahitaji sehemu 65, na kwa muda mrefu 65 ndiyo idadi iliyotosha kuuzwa na kurudiwa. Mtoto aliyekosa sehemu hakutakiwa apotee njia, kwa hiyo kila sehemu ilifungwa peke yake na hadithi kubwa ikaachwa wazi. Zikitimia 65, kazi mara nyingi iliishia hapo.

Wengine hawakufika hata huko. Dungeons & Dragons, ya kuanzia 1983 hadi 1985, ilikuwa na sehemu 27 kuhusu watoto sita waliopotelea kwenye ulimwengu mwingine wakitafuta njia ya kurudi nyumbani. Hawakurudi. Mwandishi Michael Reaves alikuwa amekwisha kuandika sehemu ya mwisho, iitwayo Requiem, lakini haikutengenezwa. Maandishi yake yapo mtandaoni na nakusihi uyasome. Mimi niliyasoma saa sita usiku, nikiwa na umri wa kutosha kuwa baba wa watoto wale, na nilipofika mwisho niliweka simu chini, nikakaa gizani kwa muda.

Ni kweli zile katuni za mashujaa zilikuwa matangazo ya kuuza vitu vya kuchezea?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. He-Man alikuwa mdoli wa kampuni ya Mattel kabla ya kuwa mhusika wa televisheni mwaka 1983. Transformers, ya 1984, ilitokana na roboti za kuchezea za Japani ambazo kampuni ya Hasbro ilizinunulia haki na kuzipa majina mapya. Huko Marekani serikali ilikuwa imelegeza masharti ya televisheni ya watoto katika miaka hiyo, na sheria ya kupunguza dakika za matangazo kwenye vipindi vya watoto ikaja mwaka 1990: dakika 12 kwa saa siku za kazi na dakika 10 na nusu mwishoni mwa wiki. Kwa hiyo ndiyo, kuna mtu aliyekaa mezani akapanga jinsi ya kuufikia mfuko wa mzazi wako kupitia kwako. Kulikasirikia hilo ni haki yako.

Lakini usiishie hapo. He-Man ya studio ya Filmation ina sehemu 130, na ukizitazama utaona picha zile zile zikirudi: anakimbia vile vile, anarusha ngumi vile vile, ananyanyua upanga vile vile. Walikuwa wakibana matumizi, na sababu mojawapo ni kwamba mkuu wa studio, Lou Scheimer, alikataa kuipeleka kazi ya uchoraji nje ya nchi ambako ilikuwa rahisi, ili wachoraji wake wasipoteze ajira. Mwishoni mwa kila sehemu mhusika mmoja husimama na kuzungumza na mtoto kuhusu uongo, hofu au urafiki. Ukiwa mkubwa unaweza kusema yale yalikuwa mafunzo ya kubandika. Mimi nayasikia tofauti. Nasikia waandishi walioajiriwa kuuza midoli, nao wakajitahidi, katika sekunde zile chache, kumwachia mtoto kitu kisichouzwa.

Nimekuta ubaguzi ndani ya katuni niliyoipenda. Nifanye nini?

Nitajibu kwa yaliyonipata. Katika katuni nyingi za zamani kuna mchezo huu: bomu linalipuka, moshi ukiondoka uso wa paka au mwindaji umekuwa mweusi, midomo minene, nywele zimesimama kwa vifundo. Nilipokuwa mtoto nilicheka. Nilipoirudia nikiwa mtu mzima, mkono ulisimamisha picha wenyewe. Mimi ni mtu mweusi. Uso ule ulitengenezwa ili wanaofanana nami wachekwe, na mimi nikiwa na miaka 7 nilicheka pamoja nao.

Usimlaumu yule mtoto. Hakuwa na namna ya kujua. Lakini usimtetee mtungaji kwa kusema ndivyo dunia ilivyokuwa, kwa sababu hata wakati ule walikuwepo watu waliolalamika. Mwaka 1968, kampuni ya United Artists, iliyokuwa na haki za kuzionesha, iliziondoa kabisa kwenye televisheni katuni 11 za Looney Tunes na mfululizo wake dada, Merrie Melodies, kwa sababu ya jinsi zilivyowachora watu weusi. Miaka ya baadaye Warner Bros. iliamua kuweka maelezo mwanzoni mwa baadhi ya diski zake, ikikiri kwamba taswira hizo zilikuwa makosa wakati ule na ni makosa leo. Njia hiyo ya pili naikubali zaidi.

Sababu yangu ni huyu: katika Tom na Jerry kuna mtumishi wa nyumbani, mwanamke mweusi ambaye kwa kawaida tunaiona miguu yake tu, aitwaye Mammy Two Shoes. Ni taswira ya dharau. Miaka ya 1960, kwa ajili ya televisheni, baadhi ya matukio yake yalichorwa upya akawa mwanamke mweupe mwembamba, na sauti ikabadilishwa. Dharau ikafutwa. Ila sauti iliyofutwa ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi aliyekuwa hodari, ambaye nafasi kama hizo ndizo zilizokuwa zikifunguliwa kwa watu kama yeye. Walipofuta aibu yao walifuta na kazi yake. Sasa ninapozitazama natafuta toleo lenye sauti yake, nayajua ninayoyaona, na namsikiliza yeye.

Baadhi nimeziacha kabisa na sitazirudia. Mpaka utauweka mwenyewe. Ila uuweke baada ya kuona.

Mbona nachoka baada ya dakika kumi? Nilikuwa nikitazama bila kupepesa.

Kwa sababu unatazama sehemu nne mfululizo kitu kilichotungwa kitazamwe mara moja kwa siku, au mara moja kwa wiki. Scooby-Doo ya mwaka 1969 ina mpangilio mmoja: gari, nyumba yenye zimwi, kukimbizana, kuvua kinyago. Ukiwa umesubiri wiki nzima, mpangilio ule ni kama kukutana tena na rafiki. Ukizifululiza usiku mmoja, ni adhabu. Tazama moja, zima, subiri kesho. Kusubiri kulikuwa nusu ya utamu.

Nimelia. Katuni! Kuna tatizo?

Hakuna. Jambo hili nitalieleza kwa kirefu.

Ukiwa mtoto unasimama upande wa mtoto aliyemo ndani ya katuni. Ukirudi ukiwa mkubwa, huruma yako imehama bila kukuaga, na inakwenda kukaa kwa mtu ambaye hukuwahi kumtazama. Katika SpongeBob SquarePants, iliyoanza mwaka 1999 na kutungwa na Stephen Hillenburg, mtu aliyewahi kufundisha biolojia ya bahari, mimi na wadogo zangu tulimwona Squidward kuwa mnuna mbaya anayewachukia watoto. Leo namwona mtu aliyechoka na kazi asiyoipenda, anayetaka saa moja tu ya kupiga klarineti yake kwa amani. Hajabadilika hata mstari mmoja.

Kwenye Batman niliyoitaja kuna sehemu ya mwaka 1992 iitwayo Heart of Ice, iliyoandikwa na Paul Dini. Mr. Freeze, adui wa Batman ambaye kabla yake alikuwa tu mwizi mwenye bunduki ya barafu, alipewa mke mgonjwa, Nora, ambaye Freeze alijaribu kumwokoa kwa kumgandisha hadi tiba ipatikane. Nilipokuwa mtoto nilikumbuka bunduki. Sasa nakumbuka kwamba mwishoni yumo kizuizini, ameshika kisanduku chenye sanamu ndogo ya mwanamke anayecheza dansi.

Na kuna Iroh. Katika Avatar: The Last Airbender, msimu wa pili, mwaka 2006, ipo sehemu ya hadithi fupi fupi za mjini Ba Sing Se. Mzee huyu mnene mpenda chai anazunguka mjini siku nzima akiwatendea watu wema: anamwimbia mtoto anayelia, anamfundisha mnyang'anyi kusimama vizuri kisha anazungumza naye. Jioni anapanda kilima, anatandika kitambaa chini ya mti, anaweka picha ya mwanawe Lu Ten aliyeuawa vitani, na kumwimbia wimbo ule ule aliomwimbia mtoto asubuhi. Safari hii sauti inamkatika. Mwisho wake kuna maandishi ya kumkumbuka Mako, mwigizaji aliyempa Iroh sauti, aliyefariki mwaka huo huo.

Mtoto wa miaka 10 huona mzee mwenye huzuni, akangoja hadithi inayofuata. Mtu aliyewahi kuzika huona kitu kingine: kwamba wema wote wa siku ile ulikuwa ni namna ya kuifikia jioni. Mimi nilikuwa nimempoteza mzazi mwaka mmoja kabla ya kuirudia. Nilikuwa nimeiona sehemu hiyo mara tatu nne zamani na ningeweza kukusimulia yote. Sikuwa nimewahi kuiona.

Nitafute toleo gani?

Lenye umbo la picha la asili. Katuni nyingi za kabla ya miaka ya 2000 zilichorwa kwa kioo cha 4:3, karibu na mraba. Zikinyooshwa wahusika wananenepa, zikikatwa juu na chini ili zijaze kioo kipana mnapoteza vichekesho. The Simpsons ilipoingia kwenye huduma ya mtandaoni ya Disney+ mwaka 2019 sehemu za zamani zilikatwa hivyo. Katika tukio moja kiwandani, aina tatu "tofauti" za bia zinatoka kwenye bomba moja lililo juu ya mapipa. Bomba likakatwa, kichekesho kikafa. Watazamaji walilalamika, na mwaka 2020 umbo la asili likarudishwa.

Jihadhari pia na matoleo yaliyosafishwa kupita kiasi. Kompyuta ikifuta chembechembe za filamu, wakati mwingine hufuta na mistari myembamba ya kalamu.

Nimtazamishe mwanangu?

Mtazamishe, lakini usikae ukimwangalia usoni kuona kama anacheka pale ulipocheka. Watoto wanaligundua hilo mara moja, na kutazama kunageuka kuwa mtihani. Akisema inaboa, mwache aende.

Zitazame kwanza wewe mwenyewe, kwa sababu ya yale ya ubaguzi, na pia kwa sababu ya mwanga unaomweka. Tarehe 16 Desemba 1997 sehemu moja ya Pokémon iliyokuwa na mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na buluu ilisababisha watazamaji wapatao 685 nchini Japani, wengi wao watoto, kupelekwa hospitalini. Sehemu hiyo haikuoneshwa tena, na watengenezaji wakawa waangalifu zaidi, ila katuni za kabla ya hapo hazikuchorwa kwa uangalifu huo. Washa taa, na mtoto asikae karibu mno na kioo.

Nakumbuka vipande tu: farasi, mlima, mtu mwenye kilemba. Jina sikumbuki. Nitaipataje?

Kabla ya kutafuta chochote, andika yote unayoyakumbuka kwenye karatasi, hata yanayopingana. Ukishaona picha ya kwanza mtandaoni kumbukumbu yako itaanza kujirekebisha ifanane nayo, na hutajua tena kipi kilikuwa chako.

Kisha kumbuka kwamba jina ulilolijua huenda si jina lake. Captain Tsubasa ya Japani ilijulikana kwa Kifaransa kama Olive et Tom, kwa Kiitaliano Holly e Benji, na kwa Kiarabu Kapteni Majid. Ni kijana yule yule na mpira ule ule. Tafuta kwa kumweleza mhusika, si kwa jina, na tafuta kwa lugha uliyoitazamia. Kama unakumbuka mwaka na saa iliyooneshwa, maktaba nyingi zina magazeti ya zamani yenye ratiba za televisheni.

Na waulize uliokaa nao. Hili ningeliweka la kwanza. Mimi nilikitafuta kipindi kimoja karibu mwaka mzima bila mafanikio, mpaka nilipompigia simu dada yangu. Jina hakulijua. Wimbo wa utangulizi aliujua wote, akauimba kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na maneno yasiyo na maana tuliyoyabuni mahali ambapo hatukuielewa lugha. Kwa sauti ile nilikipata baada ya wiki mbili. Maneno ya kweli ya wimbo sasa nayajua, nimemtumia hata yeye. Tukiuimba, tunaimba yetu.